Mikataba ya miezi mitatu mitatu, shauri CMA na mtunza stoo aliye nyumbani: nifanye nini?

BARUA

Ndugu mshauri,

Nina karakana ya samani Morogoro yenye wafanyakazi 14. Wote nimewapa mikataba ya miezi mitatu mitatu, ukiisha nasaini mwingine. Wenzangu wenye karakana waliniambia kuwa mfanyakazi wa mkataba mfupi hana la kudai unapoisha, wala hana likizo.

Sasa nina mambo mawili mezani. La kwanza ni fundi rangi niliyemwajiri Februari 2023, mshahara wake shilingi 420,000 kwa mwezi. Mkataba wake wa mwisho uliisha tarehe 31 Januari mwaka huu. Tulikuwa na oda nyingi, akaendelea na kazi mpaka tarehe 14 Februari, nikamlipa siku hizo, kisha nikamwambia kwa mdomo kwamba mkataba umeisha na sitaongeza mwingine. Tarehe 10 Machi akafungua shauri CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) kwamba nimemwachisha kazi isivyo halali. Nimepata wito wa usuluhishi utakaofanyika siku kumi zijazo. Shemeji yangu anasema nisiende, eti usuluhishi ni mazungumzo tu.

La pili ni mtunza stoo. Yuko nami tangu 2021. Tulipohesabu mali, shiti 18 za MDF (mbao za kiwandani) hazikuonekana. Nimetoa taarifa polisi na nikamwambia akae nyumbani bila mshahara. Sasa ni wiki ya sita. Bado hajafikishwa mahakamani. Nataka kumfukuza na kukata thamani ya shiti hizo kwenye malipo yake ya mwisho. Ninaruhusiwa?

Mwisho, hao 12 waliobaki niwape mikataba gani, na kima kipya cha mshahara kinanigusa vipi?

Mwenye karakana, Morogoro

JIBU

Ndugu mwenye karakana,

Nianze na lenye tarehe. Nenda CMA. Ushauri wa shemeji yako ndio unaoweza kukugharimu kuliko yote uliyoandika. Usuluhishi katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ni hatua ya kisheria, na mwajiri aliyeitwa asipofika bila sababu, msuluhishi ana mamlaka ya kuliamua lalamiko bila yeye. Utajikuta na uamuzi unaotekelezwa kama wa mahakama, na hukupata nafasi ya kuonyesha hata karatasi moja. Ukifika, kinachozungumzwa mle hakitumiki dhidi yako baadaye endapo mtashindwa kuelewana, kwa hiyo huna cha kupoteza kwa kusema ukweli na kutaja kiasi. Unaweza kwenda mwenyewe, na wakili, na mwakilishi wa chama cha waajiri kama ni mwanachama, au na mtu uliyemchagua akuwakilishe.

Kabla hujafika pale, kaa na tarehe. Shauri la kuachishwa kazi hufunguliwa ndani ya siku 30 tangu ajira ilipokoma. Madai mengine yana siku 60. Aliyechelewa lazima aombe kwanza kuongezewa muda na aeleze sababu. Utavutwa na hesabu hii: kutoka 31 Januari hadi 10 Machi ni siku 38, hivyo amechelewa. Usijenge utetezi wako hapo. Alifanya kazi mpaka 14 Februari, ulimwona akifanya, na ukamlipa. Kutoka 14 Februari hadi 10 Machi ni siku 24, yumo ndani ya muda. Ukisimama na hoja ya siku 38, daftari lako la mishahara litakukanusha, na msuluhishi hatakuamini utakapofika kwenye hoja zako nyingine.

Zile wiki mbili zina uzito zaidi ya hapo. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, zinasema mkataba wa muda maalumu huisha wenyewe siku yake ikifika. Hapo wenzako hawakukosea. Ila kanuni hizohizo zinaendelea: mfanyakazi akiendelea na kazi baada ya siku hiyo, na mazingira yakionyesha hivyo, mkataba unaweza kuhesabiwa kuwa umehuishwa. Zaidi ya hayo, pale mfanyakazi anapokuwa na matarajio ya haki kwamba mkataba utahuishwa, kutouhuisha kunaweza kuwa ni kumwachisha kazi isivyo halali. Ni kweli kwamba yeye ndiye anayepaswa kuonyesha msingi wa matarajio hayo. Kanuni zimetaja hata mifano ya msingi wenyewe: mikataba kuhuishwa huko nyuma, na ahadi za mwajiri. Fundi wako ana mikataba 12 mfululizo. Hana haja ya shahidi mwingine.

Na kuna tatizo lililo chini ya hilo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatambua mkataba usio na ukomo, mkataba wa muda maalumu, na mkataba wa kazi maalumu. Ule wa muda maalumu uliwekwa kwa ajili ya wataalamu na kada ya menejimenti, na Kanuni za Jumla za mwaka 2017, Tangazo la Serikali Na. 47, zikasema usipungue miezi 12. Mkataba wako wa miezi mitatu kwa fundi rangi unagongana na masharti yote mawili. Marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yamefungua mlango kidogo kwa wasio wataalamu, lakini kwa kazi ambayo yenyewe ni ya muda: kazi zilizoongezeka kwa kipindi fulani, kazi ya msimu, mradi wenye mwisho unaojulikana. Kupaka rangi samani katika karakana inayouza samani mwaka mzima si kazi ya namna hiyo. Mwamuzi ataangalia kazi inayofanyika kuliko kichwa cha mkataba.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, usuluhishi ndio mahali pako pa kulimaliza. Fanya hesabu zako nyumbani, uende na kiasi mkononi. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Kwa anayefanya kazi siku sita kwa wiki, mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 26 kupata wa siku: 420,000 gawanya kwa 26 ni 16,153.85; mara 7 ni 113,076.92, mara miaka 3 ni takriban shilingi 339,231. Ongeza notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28. Ongeza likizo ambazo hukumpa.

Hapo kwenye likizo wengi huanguka. Ni kweli masharti ya likizo hayamhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita. Sheria hiyohiyo imeziba mwanya huo: aliyeajiriwa na mwajiri yuleyule zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, vipindi vyake hujumlishwa, na vikizidi miezi sita anastahili likizo ya malipo. Mikataba minne ya miezi mitatu ni mwaka mzima. Ana siku 28 za mfululizo kwa kila mzunguko wa likizo, na vipande vya mwaka huhesabiwa siku moja kwa kila siku 13 alizofanya kazi.

Jumla ya hayo ndiyo sakafu ya mazungumzo, maana ni haki zake hata kama asingelalamika. Juu yake ndipo mnazungumzia fidia. Shauri likienda kwenye uamuzi na ukashindwa, fidia huhesabiwa kwa miezi ya mshahara, au unaweza kuamriwa umrudishe kazini na umlipe mishahara ya muda wote aliokuwa nje. Kadiri shauri linavyokaa, ndivyo kiasi hicho kinavyokua, na wewe ndiye mwenye jukumu la kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa halali na utaratibu ulikuwa wa haki. Ukiniuliza una nini cha kuthibitishia, ni kauli ya mdomo ya 14 Februari.

Mkikubaliana, makubaliano yaandikwe kwenye fomu ya Tume, yataje kila kipengele na kiasi chake, tarehe ya malipo na njia ya malipo, na kwamba madai yote ya ajira hiyo yamekwisha. Usilipe mkononi nje ya ofisi kwa kuaminiana. Na mpe cheti cha utumishi. Ni haki yake, wala hakikugharimu kitu.

Sasa mtunza stoo. Anza kwa kumlipa mshahara wa wiki sita. Kumsimamisha mtu wakati wa uchunguzi kunaruhusiwa tuhuma zikiwa nzito, ila ni kwa mshahara kamili. Kumweka nyumbani bila malipo ni adhabu kabla ya kusikilizwa, na peke yake kunaweza kumpa madai hata kama siku moja itathibitika kweli alichukua mali. Mwandikie barua leo: umesimamishwa kupisha uchunguzi kuanzia tarehe fulani, kwa mshahara kamili, unatakiwa kupatikana utakapoitwa.

Jambo la polisi linataka uangalifu. Sheria inakataza kumpa mfanyakazi adhabu ya kinidhamu, ikiwemo kumwachisha kazi, akiwa ameshtakiwa kwa kosa la jinai ambalo kwa kiini ni lilelile, mpaka kesi na rufaa zake ziishe. Wakati huo wote unaruhusiwa kumsimamisha, lakini kwa mshahara kamili. Kesi inaweza kuchukua miaka. Kwa kuwa umesema hajafikishwa mahakamani, bado ana tuhuma tu, hajashtakiwa. Fanya mchakato wako wa ndani sasa, bila kuuchelewesha na bila kuurukia. Kila wiki inayopita inakusogeza kwenye hatari ya kulipa mshahara wa mtu asiyefanya kazi hadi hukumu ya rufaa.

Uchunguzi kwanza. Mtu mmoja, asiye wewe, akusanye leja ya stoo, hati za kupokelea mzigo, vocha za kutolea mali na karatasi za hesabu ya mwisho iliyokuwa sawa. Aeleze shiti 18 zilipotea kati ya tarehe ipi na ipi, nani walikuwa na funguo, na nani waliingia stoo. Ikibainika funguo walikuwa nazo watu watatu, ni heri ulijue sasa kuliko kuambiwa mbele ya mwamuzi. Achukue maelezo ya maandishi ya mashahidi, yenye sahihi na tarehe.

Kisha chagua tuhuma unayoweza kuithibitisha. Waajiri wengi huandika “wizi” kwa sababu ya hasira, halafu ushahidi wao wote unaonyesha uzembe: mali ilitoka bila vocha, hesabu ya wiki haikufanywa. Mwamuzi hupima sababu iliyomwachisha mtu kazi, si ile ambayo ungeweza kuitaja. Kama ushahidi unaelekea pande mbili, andika tuhuma mbili, moja ya kukosa uaminifu na nyingine, kama mbadala, ya uzembe mkubwa katika kutunza mali. Kiwango cha uthibitisho hapa ni uwiano wa uwezekano, yaani jambo hilo lina uwezekano mkubwa wa kuwa kweli kuliko kutokuwa. Huhitaji kuthibitisha pasipo shaka kama mahakama ya jinai.

Barua ya tuhuma iwe katika lugha anayoielewa. Kanuni zinataka hivyo, na bado waajiri hunakili vielelezo vya Kiingereza na kumpa mtu asiyekisoma. Itaje kosa, tarehe, idadi na thamani ya mali, kanuni ya kazi iliyovunjwa, siku, saa na mahali pa kikao, haki yake ya kuja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na haki ya kuleta mashahidi. Ambatisha ripoti ya uchunguzi. Muda wa kujiandaa usipungue saa 48 tangu aipokee, na upokeaji uwe na sahihi. Saa 48 ndicho kiwango cha chini. Kwa jambo la hesabu za stoo za miezi kadhaa, siku nne au tano ndizo za haki.

Nani akae kiti? Si wewe. Wewe ndiye uliyeibiwa, ulitoa taarifa polisi, na umeshasema unataka kumfukuza. Kanuni zinataka mwenyekiti awe mtu wa ngazi ya juu ya kutosha ambaye hakuhusika na mazingira ya tuhuma. Katika karakana ya watu 14 mtu huyo huenda hayupo, kwa hiyo alika mtu wa nje, kama mhasibu anayekukagulia vitabu au meneja wa biashara nyingine, umpe barua ya uteuzi. Wewe uwe mlalamikaji: unatoa ushahidi, unaulizwa maswali, unatoka nje. Mtuhumiwa ajibu, aulize mashahidi, alete wake. Mwandishi aandike maswali na majibu, si muhtasari, na kila mtu asaini. Akikataa kuja bila sababu na una uthibitisho kwamba alipokea wito, kikao kinaweza kuendelea.

Hatua inayosahaulika zaidi ni ya baada ya kuonekana na hatia. Mwenyekiti lazima amuulize ana nini cha kusema kuhusu adhabu: miaka aliyotumikia, rekodi yake, hali yake. Ndipo atoe uamuzi wenye sababu. Barua ya kuachishwa kazi itaje sababu hizo, nafasi ya kukata rufaa ndani ya ofisi, na haki ya kwenda CMA. Kwa utovu wa nidhamu uliothibitishwa kiinua mgongo hakilipwi, lakini mshahara wa siku alizofanya kazi, likizo aliyolimbikiza na cheti cha utumishi vinabaki kuwa haki yake.

Kuhusu kukata thamani ya shiti: huwezi kujikatia tu. Lazima hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake, umpe kwa maandishi chanzo, kiasi na jinsi ulivyokihesabu, umpe nafasi ya kukipinga, na akubali kwa maandishi. Hata hapo makato hayazidi hasara halisi wala robo ya malipo yake ya fedha. Asipokubali, mdai kwa njia ya kisheria. Malipo yake ya mwisho usiyashike rehani.

Hao 12 waliobaki, usisubiri mikataba yao iishe mmoja mmoja. Wanaofanya kazi ya kila siku ya karakana, yaani maseremala, mafundi rangi, mlinzi na dereva, wape mikataba isiyo na ukomo, na uhesabu utumishi wao tangu siku ya kwanza, maana ukijaribu kuanza upya utakuwa umeandika ushahidi dhidi yako. Kwa wapya, weka kipindi cha majaribio kisichozidi miezi 12. Aliye chini ya miezi sita kazini hawezi kudai kuachishwa kazi isivyo halali, kwa hiyo ifanye hiyo miezi kuwa ya kupima kweli: mwandikie mapungufu yake, mpe muda wa kujirekebisha, kisha amua kabla miezi sita haijafika. Ukipata oda ya madawati 200 na ukahitaji mikono ya ziada, hapo mkataba wa kazi maalumu unafaa, mradi uitaje oda yenyewe, idadi ya madawati, na kwamba kazi inaisha madawati yakikabidhiwa. Ukimhamishia mtu huyo kwenye oda inayofuata na inayofuata, umerudi ulikokuwa.

Kila mkataba uwe wa maandishi na utaje jina, umri, jinsia na anwani ya kudumu ya mfanyakazi, mahali alikoajiriwa, maelezo ya kazi, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, kituo cha kazi, saa za kazi, na mshahara pamoja na namna unavyohesabiwa. Usidharau kipengele cha mahali alikoajiriwa: ajira ikiisha na mtu yuko mbali na hapo, kuna haki ya usafiri wa kurudi. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Ziada hulipwa mara moja na nusu, haizidi saa 50 katika mzunguko wa wiki nne, na lazima mfanyakazi akubali. Kwa mlinzi wa usiku, kila saa kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Tunza nakala zote. Likija shauri na huna mkataba wa kuonyesha, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti analodai mfanyakazi unakuwa wako.

Marekebisho ya 2025 yamegusa pia likizo. Mama aliyejifungua mtoto njiti huongezewa likizo ya uzazi juu ya siku 84, hadi kufikia wakati ambao mimba ingetimiza wiki 40, na baba wa mtoto huyo ana siku 7 badala ya 3. Liingize kwenye kanuni zako za kazi kabla halijatokea, ili asiyejua asije akamnyima mtu.

Kima cha chini ni suala fupi. Amri ya mshahara ya mwaka 2025 ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2026 na imeiondoa ile ya 2022. Kima hupangwa kwa sekta, na amri hutoa kiwango cha saa, siku, wiki na mwezi, kwa hiyo tafuta mstari wa sekta yako na umlinganishe kila mmoja wa hao 12, hasa mlinzi na wasaidizi, ambao ndio huwa chini. Ukikuta pengo, lipa tofauti tangu Januari pamoja na michango yake ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), na urekebishe mikataba kwa nyongeza ya maandishi iliyosainiwa na pande zote mbili. Anayelipwa juu ya kima usimshushe.